Niliondoa Kreti, Mke Wangu Akapitiliza Kona

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada ujue kwanza unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote mtaa huu, maana mimi ni fundi makochi niliyezunguka miji mingi hadi nje ya nchi, shule niliiacha darasa la sita tukaagana vizuri, na mke wangu, ambaye haoni tangu utotoni, hajajikwaa hata mara moja tangu nimuoe, kwa sababu mkono wake nimeushika mimi muda wote, iwe dukani iwe msalani.

Sasa amepata kazi ya kupokea simu kiwandani, ng'ambo ya barabara kubwa, lakini wanataka kwanza apimwe kama anaweza kujiendea mwenyewe, wakamtuma mama mmoja mpole asiyecheka. Nyumbani alimwambia amimine chai ya moto, akamimina bila tone kudondoka, yule mama akamzungusha katikati ya sebule kama pia ya watoto, akamwambia aonyeshe mlango, akaonyesha, na mimi nikafumba macho nikajizungusha nikaonyesha kabati, yule mama wala hakutabasamu. Kisha wakatoka, mke wangu mbele na fimbo yake nyeupe, mpimaji nyuma, mimi nimeambiwa nibaki, lakini mshauri, moyo ulinikatalia, nikavua viatu nikapita uchochoroni nikawatangulia, nikaona kreti la soda limekaa katikati ya njia mbele ya duka la kona, nikaliondoa haraka. Kumbe lile kreti ndiyo alama yake! Fimbo ikiligusa anajua hapa ndipo pa kukata kushoto kwenda kuvuka barabara. Akapitiliza. Akasimama, akauliza kwa sauti, "Kreti langu liko wapi?" Halafu akavuta pumzi puani. "Fundi! Hiyo si harufu ya gundi yako? Uko hapa wewe?" Nikajikunyata kama mwizi. Mpimaji akasema leo basi, tutarudia wiki ijayo, na akishindwa tena kazi anapewa mwingine. Tangu hapo mke wangu haongei nami, akifungua mdomo ni "pisha" tu. Sasa nishauri, siku hiyo nikimfuata kwa mbali, nikiwa nimeoga, kuna ubaya?

Fundi Sponji

JIBU

Fundi Sponji, pole, maana naona unampenda. Lakini ubaya upo, hata ukioga mara mbili.

Hakuna aliyeuliza kama wewe unaweza kumfikisha mke wako kiwandani. Anayepimwa ni yeye, na kinachotazamwa ni kama anajua yuko wapi, anaelekea wapi, na akipotea atajirudishaje. Wewe umeng'oa kibao cha barabarani halafu unashangaa msafiri kupitiliza. Miaka yote umemvuta kama mkokoteni, angeijua kona lini? Ameijua mwenyewe, wewe ukiwa karakana na misumari mdomoni. Hilo hukuliona, na una macho mawili.

Leo hii nenda kwa mwenye duka, mwombe kreti likae pale pale. Nyumbani usisogeze hata stuli bila kumwambia. Mkitoka pamoja, yeye ndiye ashike kiwiko chako, tena akitaka. Siku ya kupimwa chukua kochi kubwa kuliko yote karakana, ulivue kitambaa asubuhi mapema, usipate pa kutokea. Akirudi usimpapase magoti kutafuta michubuko. Muulize kazi anaanza lini.

Jambo moja limenikwama. Mtu akipitiliza kona, mpimaji humwacha arudi aitafute, maana hata hilo ni sehemu ya kipimo. Hasimamishi zoezi kwa hilo tu. Kuna kitu hukuniandikia.

Nilimtumia jibu hili kabla ya kulichapa. Alijibu kwa ujumbe wa simu, nauweka kama ulivyo:

"Mshauri umenikamata. Ile ya kutojikwaa ni uongo. Alijikwaa siku ile ile. Nilikuwa nimechuchumaa njiani nimekumbatia kreti, akaniangukia mimi."