Maharage Yaliyokataa Kutambaa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, wanao na wajukuu. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila masikio yamenigeuka. Siku hizi naitikia nisiloulizwa, na watu wanadhani nina busara.

Barua yako imenifika. Umesema maharage niliyokutumia yameota yote, na kwamba ulipopika chungu cha kwanza ulilia, wanao wakakuuliza kama ni moshi, ukawaambia bibi yao amerudi. Umesema pia hayatambai kwenye miti uliyoyasimikia, yanasimama tu kama kichaka, nawe umewaambia majirani kwamba yamekaa ughaibuni na kaka yako mpaka yakajifunza uvivu. Nilicheka. Kisha nikashindwa kumaliza chakula changu.

Umetaka nikueleze mradi wa maharage wa chuo chetu ulikotoka, ili uwasimulie wajukuu. Ulianzia kwenye banda nyuma ya maabara ya kemia, mahali palipotupwa viti vibovu. Mwalimu wangu, ambaye wanafunzi tulimwita Kibano, alitufundisha kulifungua ua la harage kabla halijachanua, kung'oa vifuko vya chavua kwa kibano, na kulipaka chavua ya ua jingine. Mkono ukitetemeka, umeharibu. Alipenda kutukumbusha kwamba sisi ni washenga tu, tusijifanye maharusi.

Siku aliponipokea sikuwa na cheti wala koti. Nilikuwa na kile kifundo cha mbegu ambacho mama alinitia mkononi alipokuwa akinisukuma nivuke mpaka, vita vikiwa nyuma yetu. Kibano aliyamwaga mezani, akayageuza kwa ncha ya kalamu, yale mekundu yenye baka jeupe, akasema aliyekuja na mbegu kama hizi ameshafanya mtihani. Kwa hiyo niliingia chuoni kwa mgongo wa mama.

Miaka ya mwanzo tulitafuta maharage ya kuhimili ugonjwa wa kutu na ukame. Tukayapata, wakulima wakashukuru. Baadaye wakaja wenye mashamba makubwa, wakataka maharage mafupi yanayokomaa kwa pamoja, yavunwe kwa mashine. Yanayotambaa yakakosa mtetezi. Kibano alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi.

Mbegu haiishi milele, hata kwenye chumba cha baridi cha chuo, tulikohifadhi na ile ya mama. Kila baada ya miaka kadhaa lazima ipandwe, ivunwe, irudishwe ikiwa mpya. Shamba la kazi hiyo lilikuwa dogo, na mwamuzi wa ipi ipandwe nilikuwa mimi. Zamu ya mbegu ya mama niliiahirisha mwaka hadi mwaka, nikiogopa wenzangu wasije wakasema mkimbizi analea vitu vya kwao kwenye shamba la chuo.

Basi ukame ulipomaliza mbegu ya nyumbani, nawe ukaniomba nikurudishie ile ya mama, nilikwenda chuoni na fimbo yangu, wakanipa pakiti yake. Nilizipanda zote kwenye trei dirishani. Haikuota hata moja.

Mdogo wangu, maharage unayokula si ya mama. Nilipekua sampuli nyingine nikatafuta yanayofanana nayo kwa rangi na baka, kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nikayapata. Hayana hata undugu na yale. Nikayafunga kwenye kitambaa, nikakuandikia kwamba ndiyo haya. Niliona aibu kukwambia kwamba mbegu iliyonusurika vita imefia mikononi mwa msomi.

Nilidhani utapika, ule, yaishe. Kumbe umeyagawa nusu ya kijiji, na msimu ujao watoto watafundishwa kwamba hiyo ndiyo ladha ya bibi. Wa kuikumbuka ile yenyewe umebaki wewe, nami nimeivuruga kinywani mwako. Tafadhali pita nyumba kwa nyumba uwaambie. Usinisitiri.

Na huko utakakopita, uliza kama yupo ambaye mama aliwahi kumpa mbegu. Mimi nilizifungia ndani nikadhani nazitunza. Yeye hakuna mgeni aliyetoka kwake mikono mitupu. Huenda ziko kwa mtu.

Wabusu wajukuu. Ukinijibu kwa hasira, nitaisoma barua yako kwa shukrani, usiponijibu, nitaelewa.

Ni mimi, kaka yako, kama bado utaniita hivyo.