Chumba Tulichokiziba

Magomeni, Kilosa
Julai 1994

Mpendwa dada Magreti,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, na naomba barua hii ikukute hivyo hivyo hapo Kidete, wewe, shemeji na watoto. Mama anaendeleaje? Vitunguu vimekubali mwaka huu?

Huku tumeona jambo ambalo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Unajua tangu biashara iwe ruksa Lazaro anafuga kuku wa nyama na kuwauza kwenye hoteli za Mikumi. Safari hii vifaranga walifika wakati wa baridi, akanunua hita ya gesi. Upepo ulikuwa unapenya, tukaziba madirisha ya chumba chao kwa nailoni na kusokomeza magunia chini ya mlango. Joto likawa tamu, tukajisifu.

Juzi mchana Lazaro aliingia kuwalisha, mimi nikiwa uani. Ghafla nikasikia kimya. Dada, vifaranga wengi vile hawanyamazi pamoja! Nikasukuma mlango, nikamkuta mume wangu amelala kifudifudi kwenye pumba, vifaranga wamelegea kumzunguka. Moto unawaka, moshi hakuna, harufu hakuna. Kichwa kikaanza kunizunguka. Nikamshika miguu, nikamburuta nje huku nikipiga yowe. Jirani yetu Mudi akaja mbio, akafunga mtungi na kuchana nailoni yote.

Upepo ukaingia. Nikaona kifua cha Lazaro kinapanda. Kule ndani kifaranga mmoja akanyanyua shingo, kisha mwingine. Nilipiga magoti nikashindwa hata kusali. Lazaro alipofumbua macho aliuliza, "Wamekula?"

Hospitalini daktari alitueleza kwamba moto wa gesi nao unahitaji hewa. Ukiufungia ndani unatoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Sasa tumetoboa matundu ukutani, juu na chini, na dirisha moja halifungwi kabisa. Nasimama hapo navuta hewa tu, naishangaa.

Dada, kuna jambo sijakwambia. Kulisha siku ile ilikuwa zamu yangu, na Lazaro alikuwa aende Mikumi. Alibaki akaingia badala yangu kwa sababu nilikuwa uani natapika. Daktari akanipima na mimi. Nina mimba, dada, baada ya miaka yote ile. Ningeingia peke yangu, nani angenitoa?

Mwambie mama taratibu, akiwa amekaa. Lazaro anakusalimu sana. Bado kichwa kinamuuma lakini anacheka peke yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Odilia