Kitasa cha Kushoto

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na za Mama mpe mkononi. Mgongo wako unasemaje? Na ile randa mpya, imeshakubali mkono wako au bado mnanuniana? Mimi mwanao ni mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa garini siku mbili, nikishindia mkate na mayai ya kuchemsha aliyonifungia Mama. Ulinionya kwamba basi la bei rahisi litanivunja mbavu, nami nikajikaza kisabuni. Limenivunja kweli.

Lakini nimefika, Baba. Nimefika kwenu, maana kusema kwetu bado ulimi unaona haya.

Sijasahau sharti lako. Uliniruhusu nije nitazame nirudi, nisimwambie mtu mimi ni binti wa nani. Ulisema kwa miaka thelathini na mitano hakuna aliyekuulizia, kwamba hata msiba wa Babu uliusikia kwa wapita njia, na hutaki dada yako adhani umetuma mtoto kuja kuomba radhi kwa niaba yako. Nilikula kiapo. Ila nilipanda basi na swali moja tu moyoni: kama huku yupo hata mmoja anayekukumbuka.

Baba, mtaa wenu! Niliingia asubuhi, begi begani, nikasimama katikati ya barabara mdomo wazi hadi mwendesha baiskeli akanipigia kengele mara tatu. Mlango wa fundi viatu ulikuwa na bawaba kulia, kitasa kushoto. Nikajisemea ni bahati. Wa kinyozi, vivyo hivyo. Wa zahanati, wa duka la vitambaa, nyumba baada ya nyumba mpaka kwenye kona, vitasa vyote kushoto! Unakumbuka nilivyochekwa shuleni, nikipapasa upande usio na kitasa kwa kuwa nyumbani umepachika milango yako kinyume na mafundi wote wa mji? Nilipokuuliza ulijibu tu kwamba ndivyo mlango unavyofunguka, ukaendelea kupiga randa. Nilidhani ni ukaidi wako. Kumbe ni kwenu ndiko kulikokufuata! Machozi yalinitoka pale pale, peupe, mbele ya kinyozi na mteja wake mwenye povu shavuni.

Nyumba ya Babu, ile ya kona yenye ngazi tatu, bado ipo. Siku hizi ina kibao kinachotangaza vyumba vya wageni, bei nafuu. Ni nafuu kweli: kitanda, ndoo, na dirisha lisilofungika. Mfuko wangu uliniruhusu siku nne. Mwenye nyumba ni Shangazi mwenyewe, nilimtambua kwa hilo paji la uso lenu. Nikajitia hamnazo, nikamwita Mama kama wageni wengine. Yeye huketi ukumbini akikunja mashuka, na burudani yake ni kuwatazama wageni wakisukuma mlango upande wa bawaba. Mchuuzi mmoja wa saa nusura avunje pua, na Shangazi alicheka hadi mashuka yakamwanguka.

Kwangu alikuwa mkarimu kupita kiasi. Siku ya kwanza aliniletea blanketi zito, ya pili akaninywesha chai ya maziwa kwenye kikombe chake. Nikadhani ananihurumia kwa wembamba wangu.

Sasa, Baba, kaa chini. Kiapo kimevunjika.

Mdomo wangu haukusema neno. Jana asubuhi Shangazi aliniita kwenye karakana ya Babu, huko uani. Akasema tangu aanze kupangisha vyumba, hajaona mgeni asiyepapasa mlango wa mbele, ila mimi niliingia na begi bega la kulia, mwavuli kwapani, mkono wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye kitasa bila hata kutazama. Akataka kujua jambo moja tu: nani alinifunza kufungua mlango. Sikuweza kumdanganya. Tulilia wote wawili, kisha akanigombeza vikali kwa kulala chumba chenye dirisha bovu katika nyumba ya babu yangu.

Kisha akanieleza usilolijua. Mtaa huu haukuwa hivi. Vitasa vyote vilikuwa kulia, mpaka siku ile ulipougeuza mlango wa mbele kwa kukosea, na Babu akakufokea mbele ya wateja kwamba hujui hata mlango unafunguka upande gani, ukachukua begi lako ukaondoka. Kesho yake mafundi walikuja kuurekebisha, Babu akawafukuza. Mlango uliofuata aliupachika kama wako, na uliofuata, na yote aliyopachika hadi mwisho wake. Mteja akilalamika, alimjibu kwamba ndivyo mlango unavyofunguka. Kwa maneno yako, Baba! Watu wakazoea, mafundi wengine wakaiga wakidhani ndiyo mtindo. Shangazi pekee ndiye aliyeambiwa sababu: Babu hakutaka siku utakayorudi ukute hata mlango mmoja wa kukusuta.

Wa mwisho aliouchonga ulikuwa wa chumba chako. Umeegemezwa ukutani karakanani tangu afariki, bawaba zake mbili zimefungwa gazetini. Shangazi alipojua mimi pia ni fundi alinipa bisibisi, bila kujua ndilo jina uliloniita tangu utotoni, akaniomba niupachike. Nimekaza bawaba ya juu. Ya chini nimekuachia. Mlango umeinama kidogo, tumeuwekea tofali.

Shangazi anakusalimu sana. Anasema ngazi ni zile zile tatu, na kwamba chumba hicho hakipangishwi kwa mgeni. Msalimie Mama, wasalimie na majirani. Mimi nitapanda basi keshokutwa, nikijaliwa.

Mwanao akupendaye,
Bisibisi