Bageni Basimame

Alhamisi. Mvua imeanza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa haijaacha. Ziwa halionekani, Bukavu haionekani, ng'ambo yote imekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Sikuenda shule. Nilimwambia Maman kichwa kinaniuma, naye hakuuliza zaidi.

Godoro la Tante limekunjwa na kusimamishwa ukutani.

Tante ni mdogo wake Maman. Jina lake sitaliandika hapa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha. Blogu hii haina jina langu wala picha yangu, na wanaoisoma hawajazi hata darasa moja. Hata hivyo nimefikiria sana kabla ya kuandika.

Alikuja kwetu mwanzoni mwa muhula, mtoto mgongoni, mkoba mmoja na simu. Alikuwa amemkimbia mumewe. Sikio lake la kushoto halisikii tangu siku mume huyo alipompiga kofi hadi akaanguka. Mume ni fundi wa simu kule Bukavu, mtu mpole kwa wateja, anapendwa. Simu ya Tante aliinunua yeye, akaunti aliifungua yeye, na neno la siri analo yeye.

Mimi siwezi kuagiza mkate dukani kabla ya kuirudia sentensi kichwani. Shule ya msingi nilisoma kwa Kifaransa, sekondari nasoma kwa Kiingereza, na kwa lugha zote mbili walimu wameandika kwenye ripoti kwamba sisemi. Lakini kompyuta hainitazami usoni. Laptop yangu ni ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni, ndani nimeweka mfumo wa Linux. Kwanza ni bure. Pili, yeyote anayetaka anaweza kuifungua aone imetengenezwaje, na hilo la pili ndilo lililonishika. Kitu kisichonificha chochote ndicho ninachoweza kukiamini kinifiche.

Tante alikuwa ameizima simu tangu alipotoka kwake, kwa hofu tu. Niliiwasha bila laini na bila intaneti, nikakuta imewekwa kumwonyesha mtu mmoja mahali ilipo, saa zote. Nilifuta kila kitu. Nikaweka programu huria tu, za wazi kama Linux: ramani isiyouliza wewe ni nani, kibodi isiyopeleka maneno popote, programu ya ujumbe ambao hakuna anayeweza kuusoma njiani. Laini mpya ikaandikishwa kwa jina la Maman.

Tante aliigeuzageuza mkononi akacheka. "Sasa hii telefone imekuwa bubu kama weye."

"Na miye je?" Maman aliuliza. "Niandike nini kwa group ya familia?"

"Usiandike kitu," nilimwambia.

"Kitu kabisa? Batasema nimekufa."

Siku hizo nilijiona mtu mwenye faida nyumbani. Nilitembea nimenyoosha shingo.

Jumapili tulienda naye kanisani. Alikuwa hajatoka uani tangu afike, na Maman alisema muntu hawezi kufungiwa kama mbuzi. Nilikubali. Kanisani hakuna kitu cha kuzima, nilifikiri.

Korali ilipomaliza, Pastor akasema kama anavyosema kila Jumapili: "Bageni betu basimame, tubaone, tubapende." Kijana wa korali anayerusha ibada mtandaoni akaigeuza simu yake juu ya mguu wa chuma, ikaelekea kwetu.

Niliiona kabla Tante hajasimama. Nikanong'ona, "Tante, usisimame."

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, upande wa sikio lile.

Ningeweza kumvuta nguo. Ningeweza kusimama mbele yake, nikajifanya natoka nje. Niliogopa watu wangegeuka wanitazame. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Akasimama na mtoto mkononi. Akasema jina lake, akasema ametoka Bukavu, yuko kwa dada yake. Watu wakapiga makofi, mama mmoja wa mbele akamrushia busu. Tante alitabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Hilo linaniuma kuliko yote. Alikuwa na furaha.

Mchana ule nilianza kumwandikia kijana wa korali aiondoe video. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Nilituma Jumatatu. Akajibu: "Pole dada, naitoa. Lakini ilipendwa sana, hata bantu ya Bukavu banaisambaza."

Jumanne mume wa Tante alikuja.

Jirani yetu ndiye aliyemleta mpaka mlangoni, na alikuwa amemshikia mwavuli. "Maman, nimekuletea mugeni wenu," alisema, akaenda zake ameridhika. Tante alikuwa sokoni na mtoto. Maman hakujua la kufanya isipokuwa lile analomfanyia kila mgeni: akavuta kiti, akasema karibu shemeji, akaweka chai.

"Bibi yako haiko hapa," Maman alisema.

"Nitangojea, shemeji. Sina haraka." Alikuwa amemletea mtoto biskuti. Aliziweka mezani taratibu, kando ya laptop yangu, halafu akaitazama laptop, halafu mimi. "Ile telefone ilinishinda. Miye fundi, nilitafuta, sikuona kitu. Ni weye uliitengeneza?"

Niliifunga laptop.

"Kazi muzuri," akasema. "Kazi muzuri sana. Shida ni kanisa lenu, jina limeandikwa kubwa kwa ukuta, hata kwa video linaonekana."

Nikasema asante.

Nimelirudia neno hilo tangu juzi. Mdomo ulioshindwa kanisani ulilipata mara moja, tena kwa adabu, kwa mtu aliyeliharibu sikio la Tante. Na nitasema yote, maana hapa hakuna anayenijua: kwa muda mfupi kabisa nilifurahi kusifiwa.

Nikachukua ndoo kama naenda kuchota maji, nikapitia nyuma, nikakimbia. Nilimkuta Tante kwenye mteremko wa njia ya sokoni, mtoto mgongoni, nyanya kwenye mfuko. Nilimshika mkono wa kulia nikasema sikioni, "Yuko nyumbani."

Hakulia. Alinipa nyanya. Kisha akatoa simu, akanipa na hiyo.

"Tante, iko safi. Naapa."

"Najua, mama. Lakini siitaki."

Akasimamisha pikipiki, akapanda, mtoto katikati. Nikageuka nikampa mgongo, nisione inashika njia gani. Nilisikia tu mlio ukipungua. Baadaye alimtafuta Maman kwa simu ya mtu. Maman anajua aliko. Nimemwomba asiniambie, hata nikiuliza, hata nikilia.

Mume alikaa hadi jua likaelekea kuzama. Wakati wa kuondoka alimpa Maman mkono, akasema hana hasira na mtu, amesamehe. Akasema pia kanisa letu amelipenda, Jumapili atakuja tusali pamoja.

Biskuti bado ziko mezani. Hakuna anayezila na hakuna anayezitupa. Simu ya Tante iko kando yake, haimwonyeshi mtu yeyote kitu chochote. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho.

Jumapili Pastor atasema bageni basimame, na mume wa Tante atasimama. Atasema jina lake kwa ile sauti yake ya upole, watu watampigia makofi, kamera itamgeukia. Kuizima ningeweza, najua kijana wa korali ameiweka wapi. Lakini tangu jana nimekuwa nikiwaza kwamba safari hii labda ibaki imewashwa, na mimi nisimame, niseme ni nani huyu wanayempigia makofi. Je, ni ujasiri huo, au ni kosa lingine nitakalolilia Jumatatu? Maman sijamwambia. Nitamwambia kesho, yeye anajua kupima mambo ya watu kuliko mimi.

Sentensi yenyewe ni fupi. Kwa Kifaransa inatoka. Kwa Kiingereza inatoka. Kwa lugha ambayo kanisa zima linaielewa, bado. Nimeijaribu tena sasa hivi, mvua ikipiga mabati ili nisisikike.

Imetoka nusu. Na leo ni Alhamisi tu.