Mstari Mpya kwenye Koti la Asahel

Vermont, 27 Januari 1864

Asahel anakuja nyumbani! Siku thelathini nzima, dada, tena anakuja na mstari mpya kwenye mkono wa koti, ule wanaoshonewa askari wakongwe tu. Mwanangu, mkongwe! Na ndevu zenyewe hazijajaa kidevu.

Haya, sasa nikuamkie, maana kalamu imekimbia ikaniacha nyuma. Dada yangu Mehitabel, hujambo wewe na shemeji? Goti lako linasemaje na baridi hii? Kwetu mzee wangu Orrin ana kikohozi chake cha kila mwaka, ng'ombe wanakula vizuri, na theluji imepanda hadi dirisha la jikoni. Mimi ni mzima kabisa. Lishike neno hilo, dada, maana nitalirudia.

Kambi yao iko Virginia, na katika barua yake anasema theluji ya huko ikianguka asubuhi, jioni imekuwa tope la kumvua mtu kiatu. Vita vimelala mpaka barabara zikauke. Wamejijengea vibanda vya magogo, watu wanne kila kibanda, na unadhani ni magogo ya nani yaliyokaa sawasawa bila kupitisha upepo? Bomba la moshi wamelitengeneza kwa mapipa ya nyama, moja juu ya jingine, na limeshashika moto mara mbili, wakatoka mbio na soksi wakicheka. Biskuti wanazopewa huzivunja kwa kitako cha bunduki, ndipo wazitose kwenye kahawa. Barua hiyo nimewasomea kina mama tunaofuma nao soksi za askari. Niliposoma mara ya pili Mama Wadleigh akasema, Keziah mwenzangu, mwanao akipiga chafya Virginia, sisi huku tunaambiwa tupige magoti. Wakacheka wote. Nikamwambia chafya ya Asahel ina maana kuliko hotuba za mumewe.

Lakini iko sehemu sikuwasomea. Anasema jua likikaribia kuzama, saa ya kukamua, vidole vyake hujikunja vyenyewe, na wenzake humtania, wewe Asahel unamkamua nani hapo? Huwauliza waliopata barua kutoka kwao, hata wa vijiji asivyovijua, wamsomee yaliyoandikwa kuhusu mashamba. Aliniuliza mimi kama ule mlango wa zizi bado unalia. Dada, nilikwenda zizini nikaufungua na kuufunga, nikausikiliza ukilia, na mimi nikalia nao.

Sasa ninalokuambia hapa usimsomee shemeji.

Hii ni baridi yake ya tatu huko vitani. Mwezi wa Novemba nilisikia kwamba kijana mmoja wa upande wa kinu cha unga alipewa ruhusa kwa sababu mama yake alikuwa mahututi. Nikakaa, nikamwandikia Asahel kwamba kifua kimenishika, ninakohoa damu, na sidhani kama nitayaona majira ya kuchemsha utomvu wa miti uwe sukari. Mimi, niliyekuwa nimetoka kubeba ndoo mbili za maziwa! Nilidhani kapteni wake ataisoma, atamhurumia, atamwambia nenda kijana. Nilimwambia Orrin ninamwandikia habari za ng'ombe.

Kapteni aliisoma kweli. Akamwambia Asahel kwamba anasikitika, ila ruhusa hutolewa kwa watu wawili tu katika kila mia, na orodha imejaa mpaka masika. Njia iliyobaki ni ile ya wanaokubali kujiandikisha upya. Hao huenda nyumbani siku thelathini. Asahel hakungoja kesho. Ametia sahihi ya miaka mitatu mingine. Mstari niliojivunia hapo juu umetokana na sahihi hiyo. Septemba hii angemaliza, dada. Angerudi moja kwa moja, akautia mafuta mlango wake. Ameniandikia maneno machache tu, Mama nivumilie, usife kabla sijafika, ninakuja.

Orrin aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Akaniuliza, ulikuwa unaumwa lini? Nikageukia jiko, nikaongeza kuni. Akavaa kofia, akaenda zizini, na aliporudi akasema, utamwambia wewe, mimi sina mdomo huo. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za kuni na majani ya ng'ombe tu.

Nisikufiche, nilishatandika kitanda cha chumba cha mbele. Nikajilaza mchana, nikajaribu kukohoa, nione sauti itatokaje. Ilitoka vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa. Maana nikijilaza akaniona, atarudi vitani na uongo wangu mfukoni, na likimpata la kumpata, nitakuwa nimeuficha mpaka kaburini.

Ndiyo maana nimealika kijiji kizima kije kumpokea. Wanasema Keziah anataka kuonyesha mstari wa mwanawe, na ni kweli, nataka. Lakini mbele ya watu walioniona nikipasua kuni baridi nzima, sitaweza kujifanya mgonjwa hata nikishawishika. Atanikuta nimesimama langoni. Kabla hajaonja pai ya tofaa nitampeleka zizini, tukamue pamoja, maana pale mtu huongea akimtazama ng'ombe. Nitamwambia hapo. Akinyamaza kama baba yake, nitanyamaza naye. Akitoka bila kunitazama, nataka akukute wewe hapo nje, wewe uliyemshika kabla yangu siku alipozaliwa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Orrin angewasalimu kama angekuwa anasema. Njooni na blanketi zenu, vitanda havitatosha. Treni yake inaingia adhuhuri, na farasi na sleji ya kuteleza juu ya theluji vitakuwa stesheni kuwachukua nyinyi pamoja naye. Usichelewe, dada, nakuomba. Ni Jumamosi, tarehe kumi na tatu Februari.

Mdogo wako mzima wa afya,
Keziah Thurlow