Mwano Nilioupiga Mbele ya Picha ya Wachunga Ng'ombe

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, Bwana wa malisho yote, nakusalimu kwa heshima, Mama Mshauri, pamoja na wasomaji wako wote. Tumsifu Yesu Kristo. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa na furaha ambayo sijapata kuionja tangu ujana wangu, na aibu iliyo sawasawa na furaha hiyo.

Mimi ni katekista mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, naishi Dutwa, wilaya ya Bariadi, na jina langu naomba lisichapishwe. Tangu biashara huria iliporuhusiwa tumeona mengi, wanunuzi wa pamba wa kila namna, mitumba kila mnada, na mwaka huu wa 1995 mjane mmoja aitwaye Nyanjige amefungua ukumbi wa video nyuma ya duka lake, wenye televisheni, deki na jenereta, nami kwa miezi mitatu nimehubiri kwamba ukumbi huo ni mlango wa upotevu ingawa sikuwahi kuingia. Jumamosi moja, saa tisa mchana, nikaingia ili niulaani kwa ushahidi. Nyanjige akanipokea, "Karibu mbele, baba katekista, benchi la wakosefu limejaa," watu wakacheka, nikaketi.

Ilikuwa picha ya zamani, isiyo na rangi, ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na Masele, fundi wa baiskeli, alisimama kando ya televisheni akitufasiria kwa Kisukuma. Mama, nianzie wapi! Kulikuwa na mbuga pana kama zetu za kiangazi, na mzee mmoja mwenye kofia, aliyetembea ametanua miguu kwa kuzoea farasi, akiwapeleka ng'ombe mia mbili wasio na nundu, na kwa kitambo kirefu hakuna mtu aliyesema neno, vumbi tu na kwato, nami nikamwona marehemu baba yangu akiswaga ng'ombe kutoka Maswa. Mzee yule hakunywa maji kabla ya ng'ombe wake kunywa! Ng'ombe wake mmoja alipoibwa, mzee alimtambua kwa mwendo, angali mbali, kabla ya kuona alama yake! Nikasema kwa sauti, "Huyo ndiye mchungaji!" na Masele akajibu, "Subirini, wazee, sungusungu wao bado hawajafika."

Sasa sikiliza nilivyoanguka. Kwetu ng'ombe wakiibwa, anayeona hupiga mwano, yaani ukelele wa hatari, na kila mwanamume anayeusikia hana budi kutoka na silaha yake, na anayeupiga bure hutozwa mbuzi mbele ya mkutano wa sungusungu. Basi yule mzee alikuwa amepiga magoti mtoni akijaza maji, wezi wanashuka kilimani nyuma yake, mimi nawaona, yeye hawaoni, nami nikajikuta nimesimama juu ya benchi nimeupiga mwano kwa kifua changu chote. "Baba," Masele akasema, "hao hawakusikii, wako Marekani!" Lakini Dutwa ilisikia. Watu walimwagika kutoka sokoni na kwenye mizani ya pamba, wenye pinde, wenye marungu, na Mayige, mkuu wa sungusungu, akaingia akihema, "Wamepita wapi?"

Jenereta ikazimwa. Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Nyanjige akanitazama, kisha akasema, "Ni mashine yangu. Nilifungulia sauti kubwa mno." Mumewe nilimzika mimi, Mama. Nami nikanyamaza. Mayige akaufunga ukumbi mpaka mkutano wa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, ambapo Nyanjige atahukumiwa na huenda asifungue tena, na halmashauri ya walei, kwa kutojua, imenipangia niongoze sala ya shukrani kwamba Mungu ameufunga mlango ule.

Mke wangu Benedikta ameshashuku, juzi aliniuliza, "Baba Mahona, mbona siku hizi unatembea umetanua miguu, una jipu?" Je, nikiri na kupoteza heshima ya miaka thelathini ya kufundisha dini, au nimpe Nyanjige mbuzi kwa siri? Na uniwie radhi kwa kuuliza, kama umepata kuiona picha hiyo, yule mzee aligeuka kwa wakati? Ng'ombe walirudi?

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Katekista, Dutwa

MAJIBU YA MAMA SPECIOZA

Mzee wangu, shikamoo. Umeomba jina lako lisichapishwe, na la mjane umeliandika wazi, tena zaidi ya mara moja. Nimeliacha makusudi, ili uone kwa macho yako ni nani anayebeba aibu hii.

Furaha yako siilaumu. Umemwona mchungaji mwema ukamtambua, na moyo uliokurusha juu ya benchi ni moyo wa mtu asiyeweza kumtazama mwenzake akishambuliwa kwa nyuma. Ni vizuri sana. Lakini jiulize, kwa nini ulimpigia mwano mtu wa kwenye kioo, na Nyanjige aliposhambuliwa mbele yako ukakosa sauti?

Mbuzi wa siri sitaki hata kumsikia. Usiungoje mkutano. Nenda kwa Mayige leo, mwambie mwano ulikuwa wako. Siku ya mkutano mlete mbuzi ukiwa umemshika kamba wewe mwenyewe, ukiri mbele ya wote, na uombe ukumbi ufunguliwe. Sala ya shukrani iongoze, ila umshukuru Mungu kwa mwanamke aliyekufunika ulipostahili kufunuliwa. Heshima ya miaka thelathini itatikisika siku mbili. Waliokuwemo ukumbini wanajua ukweli tayari, mzee, na kila unapofungua kitabu cha sala wanakungoja.

Picha hiyo, kwa ulivyoisimulia, naijua. Najua kama aligeuka. Sikwambii. Mkanda umo ndani ya deki ya Nyanjige, umesimama palepale ulipokatizwa, na wa kuufungua ukumbi ule ni wewe.

Mungu akubariki wewe, Mama Mahona na wote waliomo nyumbani mwenu, na akurudishie mwendo wako wa kawaida kabla ya Misa.