Mtamba Wako Anacheua Tena

Nyumba ya Mwalimu,
Nyuma ya Shule ya Zamani,
14 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Neema na amani zikae nawe. Je, kile kifua kilichokusumbua kimepona? Mumeo dereva na mtoto wana siha? Sisi tunamshukuru Mungu. Magoti yangu yanalalamika, lakini bado yanakunjika mbele zake.

Nakuandikia kukiri kosa. Mtamba uliyeniachia kama amana, ng'ombe mwenye mimba ya kwanza, nusura afie mkononi mwangu.

Juma lililopita, adhuhuri, nilimkuta amelala kivulini. Mbele yake hapakuwa na hata unyasi mmoja, naye anatafuna. Nikaingiwa na huruma, nikidhani njaa imemfikisha mahali pa kutafuna hewa. Nikamletea beseni zima la mahindi yaliyoparazwa. Alilimaliza, nami nikajiona mwema.

Alasiri ubavu wake wa kushoto ulikuwa umefura, ukiupiga unalia kama ngoma. Bwana mifugo alikuja mbio, akamnywesha mafuta na magadi.

“Mzee, umempa nini?”

“Mahindi. Alikuwa anatafuna kinywa kitupu.”

“Kitupu! Alikuwa anacheua, mzee wangu. Majani aliyokula asubuhi anayarudisha kinywani, anayatafuna upya. Umemkuta bado yuko mezani, ukamwandalia karamu ya pili!”

Mkaza mjomba wako akashika kiuno. “Mwalimu mzima! Miaka arobaini unawasomea watoto habari za wanyama wacheuao, kumbe hujamtazama hata mmoja?”

Neno nililijua, mnyama sikumjua.

Bwana mifugo alituonya: asipocheua kufikia asubuhi, tusimtumainie yeye wala ndama wake. Tulimtembeza uani kwa zamu mpaka jua likatua.

Kulipopambazuka nilifungua dirisha. Alikuwa amelala palepale, mbele yake hakuna kitu, taya zikienda taratibu. Sikumpelekea chochote. Nilipiga magoti hapohapo dirishani, nikakaa hivyo hata chai ikapoa.

Unisamehe, mwanangu. Sasa anakula nyasi zake, nami nimekoma kumhurumia.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, msalimie mumeo. Kibogoyo wetu mdogo, aliyeng'oka meno, umwambie asione haya: mtamba wa mama yake naye hana meno ya mbele ya juu, tangu azaliwe, na Muumba wake hajamlaza njaa.

Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nikupendaye siku zote,
Mjomba wako.